Pyo na Printa ya Tepe za Msiba

Asubuhi, Ban Tae-sik anapopakia mashada ya maua kwenye gari, bado kuna mahali anaposita. Ni pale kizingitini mwa duka. Husimama na shada begani, shingo ameikunja, kama mtu anayengoja kumwagiwa ndoo ya maji ya baridi. Maji hayaji. Hakuna anayemwita ng'ombe wa miguu miwili. Hakuna anayemuuliza kama mama yake alimzaa au alimwokota gatini pamoja na vichwa vya samaki. Ban hupita, hupakia, huondoka, na nyuma yake duka hubaki kimya kiasi kwamba mkasi ukikata utepe mlio wake husikika barabarani.

"Nilizoea kutukanwa," alimwambia Mi-ran siku moja. "Nisipotukanwa naona kama kuna kitu nimekisahau nyumbani."

Mi-ran ndiye mchapaji wa tepe sasa. Alikuwa ameketi kwenye kiti ambako matusi yale yote yalikuwa yakitoka.

Mwenye matusi aliitwa Pyo Man-gi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana kuliko urefu wake ulivyostahili, na nywele alizozipaka rangi nyeusi mwenyewe hadi masikio yakapata madoa. Baba yake alikuwa kinyozi huko Iksan. Jeshini alipewa kazi ya kupiga taipu, na alipotoka alikuja Gunsan, akaingia kwenye duka la mashada linalotazamana na lango la hospitali, akakaa. Alimhudumia mzee Chu, mwenye duka, mpaka mzee akafa, kisha akamhudumia mwanawe, ambaye wote tunamwita Bosi Chu. Mke alikuwa naye kwa muda. Mke huyo aliondoka akiwa na sanduku moja, na Pyo akawaambia watu kwamba amepunguza matumizi ya mchele.

Ukumbi wa msiba uko chini ya hospitali ile, ghorofa ya chini ya ardhi, na katika mji wetu uzito wa marehemu hupimwa kwa mashada yaliyopangwa mlangoni pake. Mashada yenyewe hakuna anayeyatazama. Siku ya tatu, jeneza likishaondoka, hurudi dukani kwa mlango wa nyuma, maua yaliyosinyaa yakanyofolewa, mapya yakachomekwa, na kesho yake yakasimama kwa marehemu mwingine. Kinachotazamwa ni tepe mbili ndefu zinazoning'inia: wa kulia una maneno ya rambirambi kwa herufi za Kichina za zamani, wa kushoto una jina na cheo cha aliyeleta. Maua ni ya kila mfu. Utepe ni wa mmoja tu. Kwa hiyo mwenye kuchapa tepe ndiye moyo wa duka, na Pyo alilijua hilo kama kuku anavyoujua usiku.

Zamani tepe ziliandikwa kwa brashi. Kisha ikaja printa, kidude kirefu chembamba kinachomeza satini nyeupe upande huu na kuitema upande ule ikiwa imeandikwa. Kampuni iliyoiuza ilifilisika haraka, ikawaachia printa, programu, na disketi mbili. Dunia ikabadilisha kompyuta mara nyingi. Programu ya tepe ilikataa kila kompyuta mpya, ikaikubali ile ya kwanza tu, yenye mfumo ambao hata waliouunda walikwisha kuususa. Basi duka likabaki nayo, likaitunza kama mgonjwa asiyeruhusiwa kufa.

Nyuma ya kompyuta hiyo kulikuwa na milango miwili ya kuchomeka waya mnene. Mlango wa kwanza ulikuwa wa printa ya tepe. Wa pili, uliokuwa kwenye kadi iliyoongezwa baadaye, ulikuwa wa printa ya stakabadhi. Kadi ile ndiyo ilikuwa na kisirani. Bila kiendeshi chake, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuutambua mlango na kuupitishia maneno, kompyuta iliyachanganya yote, na printa ya tepe ikatema vijiti na nukta visivyosomeka, mita baada ya mita, satini ikiteketea. Kila mara kompyuta ilipoharibika na kufutwa, kazi ilianza upya: kipi kiwekwe kwanza, wapi uizime na kuiwasha, namba gani uiandike kwa mkono wako na ukatae ile ambayo kompyuta inakupendekezea. Aliyejua ni Pyo peke yake. Disketi alizibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, kiangazi na kipupwe. Alipofanya kazi hiyo aligeuza mgongo, na mgongo wake uliziba kioo chote.

Do Mi-ran alikuja dukani akiwa na miaka arobaini na kitu, baada ya kiwanda cha samaki kumwambia kwamba vifundo vya mikono yake vimekwisha. Mume alikuwa ameshapotelea Busan. Alikuwa na binti, Se-hwa, aliyebakiza miaka mitatu amalize shule. Kazi yake ilikuwa kufunga tepe kwenye mashada, na hakuna duka lingine lililokuwa likimtaka.

"Mama Se-hwa," Pyo alimwambia wiki ya kwanza, bila kugeuka. "Shingo yako ina ugonjwa?"

"Naangalia tu, Bwana Pyo."

"Angalia mikono yako. Umeajiriwa kufunga, hukuajiriwa kusoma. Mikono iliyoshindwa na dagaa leo unataka kuipeleka kwenye kompyuta?"

Ban alicheka. Bosi Chu alicheka. Mi-ran naye akacheka, maana mgeni asiyecheka huonekana ana kiburi.

Hakucheka tena siku ya pili, wala haikuleta tofauti. Pyo alimwita Dagaa. Alimtuma sigara wakati wa mvua, kisha akamrudisha kwa sababu kiberiti kilikuwa kimelowa. Wakati wa chakula, wote wakiwa wameizunguka meza moja yenye chungu cha mchuzi wa kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, alinyanyua bakuli la Mi-ran la wali na kuliweka juu ya kreti la maua, mbali na meza.

"Usinielewe vibaya," alisema huku akitafuna. "Pua yangu ndiyo dhaifu."

Mi-ran alikula chakula chake pale kwenye kreti, kwa muda wote wa miaka miwili iliyofuata. Hakuna aliyemwambia arudi mezani. Ila kutoka kwenye kreti aliliona jambo ambalo Pyo hakulijua. Friji la maua lilikuwa na mlango wa kioo, nao ulisimama ubavuni mwa kiti cha Pyo, ukielekea kioo cha kompyuta. Mgongo wa Pyo uliziba kioo cha kompyuta, lakini haukuziba taswira yake kwenye friji. Mi-ran alisoma herufi zilizogeuzwa, kijiko mdomoni, uso umetulia kama wa ng'ombe anayecheua. Na jioni, nyumbani, alijifunza herufi za Kichina kwenye vitabu vya zamani vya bintiye.

Sikukuu ya mavuno ilipopita, Bosi Chu aliwaita. Watu walikuwa wameanza kuagiza mashada kwa simu, kwenye makampuni makubwa ya Seoul.

"Mwisho wa mwezi atabaki mmoja," alisema. Hakuketi. "Kuchapa na kufunga, mtu mmoja atafanya yote. Pyo, wewe kufunga unajua. Lakini wewe ni ghali, na mgongo wako nao hauinami. Huyu mama ni rahisi. Mfundishe printa. Akiiweza, tutaona. Akishindwa, pia tutaona."

"Bosi," Pyo alisema, "mbwa anayekaa karibu na shule haanzi kusoma."

"Nimesema mfundishe."

Pyo alimfundisha siku tatu, akimwonyesha jinsi ya kuiwasha na jinsi ya kuizima.

Jumamosi mchana iliingia oda ya arusi. Kabla ya hapo, Bosi akiwa chooni na Mi-ran akiosha bakuli, Pyo aliinama kwenye kompyuta. Mi-ran aliinua macho kwenye kioo cha friji. Alimwona akifungua sehemu ya printa, akiutoa mlango wa kwanza na kuweka wa tatu. Mlango wa tatu haukuwapo. Nyuma yake hapakuwa na waya, hapakuwa na printa, palikuwa na jina tu. Pyo akafunga, akakohoa, akawasha sigara.

"Dagaa! Njoo uwe bibi mkubwa. Chapa."

Mi-ran aliketi. Aliandika maneno ya kupongeza ndoa, akabonyeza. Printa ilikaa kimya. Akabonyeza kile na hiki. Kimya.

"Unaona, Bosi? Ameigusa tu, imekufa. Kuna watu wana mikono ya kaburi."

Mi-ran alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba amekuwa akipeleleza kioo cha friji kwa miaka miwili? Neno lake dhidi ya la mtu aliyemzika hata baba yake Bosi kwa tepe zake mwenyewe? Akaufunga. Na angeurudisha mlango mbele yao, wangesema aliyeuharibu ni yeye. Utepe wa arusi ukanunuliwa duka la jirani, na jirani akacheka mpaka barabarani. Bosi Chu alisimama mbele ya Mi-ran, Ban akiwa anatazama.

"Jumatatu," alisema. "Jumatatu nitaamua. Na nadhani nimeshaamua."

Jumapili nzima Mi-ran alipiga pasi sare ya Se-hwa, akarudia kuipiga.

Jumatatu asubuhi simu ziliingia mfululizo. Kijana wa bandarini, Tak Hyeon-u, alikuwa ameanguka kutoka kwenye winchi. Mwana pekee. Hakuwa ameoa, na mama yake alikuwa bado anamtafutia mchumba, akizungusha picha yake kwa wanawake wa kanisani. Bandari nzima ilitaka mashada. Bosi alikimbia huku na huku na simu mbili.

"Pyo! Printa!"

"Printa iko chini ya Mama Se-hwa siku hizi," Pyo alisema, akikoroga kahawa yake.

"Acha upuuzi. Itengeneze."

"Neno tafadhali limepotea kwenye duka hili?"

Bosi Chu aliishusha simu moja. "Tafadhali, Pyo."

"Sasa huo ndio ubinadamu." Aliketi, akageuza mgongo, akatoa disketi mfukoni na kuziweka mezani kwa mbwembwe, ingawa hakuzihitaji. Aliandika majina na rambirambi za oda zote, akayatuma, ndipo akarudisha mlango wa kwanza. Printa ikashtuka na kuanza kunguruma. Pyo akaanza kuimba wimbo wa zamani wa wanamaji.

Lakini kompyuta haisahau. Kilichotumwa kikakwama husubiri kwenye foleni, na mlango ukifunguliwa wa kwanza kusubiri ndiye wa kwanza kutoka. Mi-ran alikuwa amesimama mdomoni mwa printa akipokea tepe. Ule wa kwanza ulitoka ukiwa moto mikononi mwake. Satini nyeupe ya msiba, wino mweusi wa msiba, na maneno ya Jumamosi: hongera kwa ndoa njema.

Dukani palikuwa na kanuni moja tangu enzi za brashi. Mchapaji husoma kila utepe kwa sauti kabla haujafungwa. Pyo hakuwahi kuivunja, na hakumruhusu mwingine yeyote kuifanya hiyo kazi. Asubuhi ile alikuwa amelewa ushindi. Hakugeuka.

"Bwana Pyo," Mi-ran alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Leo hutazisoma?"

"Ukiona herufi unawashwa? Funga! Funga na huo mdomo wako."

"Sawa, Bwana Pyo."

Angeweza kuutupa utepe ule chini ya meza. Angeweza kuufunga kwenye shada dogo la kusimama nyuma, mahali pasipofika macho. Mi-ran alitembea mpaka kwenye shada kubwa kuliko yote, la mwajiri wa marehemu, ambalo kwa desturi husimama kando ya mlango, sambamba na picha ya aliyekufa. Akaufunga upande wa kulia. Upande wa kushoto akafunga jina la mwajiri. Akanyoosha mikunjo kwa kiganja. Mwishoni utepe mmoja wa rambirambi ulizidi, akaukunja akautia mfukoni. Ban, asiyejua herufi hata moja ya Kichina, alibeba shada begani, akatukanwa kizingitini, akaenda.

Mama wa marehemu hakujua kusoma herufi zile. Alimwomba mzee mmoja wa ukoo amsomee, ajue kazini walimuaga mwanawe kwa maneno gani. Mzee alisoma kwa sauti kabla akili yake haijayafikia maneno.

Mjomba wa marehemu aliingia dukani na utepe umeviringishwa kwenye ngumi. Hakupiga mtu. Alimkabidhi Bosi Chu, akasimama akingoja, kitambaa cha ufiwa mkononi.

"Nani alisoma hii?" Bosi aliuliza.

"Kusoma ni kazi ya Bwana Pyo," Mi-ran alisema. "Mimi nafunga tu."

Pyo alisimama. Alimtazama Mi-ran, akautazama utepe, na mtu angeweza kuona hesabu ikipita usoni mwake. Ili ajitetee, ilimpasa aeleze maneno ya arusi yalifikaje kwenye foleni. Ili aeleze foleni, ilimpasa autaje mlango wa tatu. Na aliyeuweka mlango wa tatu alikuwa nani?

"Sema, basi," alisema Bosi.

Pyo alizirudisha disketi mfukoni.

Walimpeleka ukumbini. Alipiga magoti mlangoni, kwenye sakafu ya viatu, huku wageni wakimkwepa na masinia ya supu nyekundu ya nyama. Bosi Chu alimshika kisogo akakisukuma mpaka paji likagusa chini. Mi-ran alisimama nyuma yao, mikono imeshikana mbele, kama anavyosimama mfanyakazi mwenye adabu. Mama wa marehemu alitoka akishikiliwa huku na huku. Alimtazama Pyo muda mrefu.

"Arusi ilikuwa nzuri?" aliuliza.

Pyo hakuinua uso.

"Nakuuliza, baba. Bibi arusi alikuwa wa wapi?"

Wakamrudisha ndani. Mi-ran alizitazama ncha za viatu vyake. Alikuwa amemlenga Pyo, na hakuwa amemfikiria mama huyu hata mara moja tangu asubuhi. Alipomfikiria, alijikuta anafikiri pia kwamba kiti sasa ni chake, na mawazo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani bila kugombana. Hilo ndilo lililomtisha.

Mwisho wa mwezi Bosi Chu aliifuta kompyuta yote, akiogopa Pyo ameacha mchezo ndani yake. Kisha akamwita Pyo.

"Utamfundisha kuanzia mwanzo. Yeye anashika, wewe unasema. Ikichapa, ndipo utachukua chako na kwenda."

Mi-ran aliketi kwenye kiti. Pyo alisimama kando, koti mkononi, akazitoa disketi mfukoni kwa mara ya mwisho. Bosi aliegemea friji.

"Kiendeshi cha mlango kwanza," Pyo alisema. "Sio cha printa. Wengi wanaanza na printa."

"Cha nini kwanza, Bwana Pyo?"

"Cha mlango."

"Samahani. Sauti haifiki."

"Cha mlango!"

"Usimfokee," Bosi alisema.

Pyo alivuta pumzi. Alimwambia aikataze kompyuta kujitafutia yenyewe. Alimwambia aandike namba hii ya anwani, azime, awashe, ndipo alete printa, ndipo achague mlango wa kwanza. Kila hatua Mi-ran aliijua tangu zamani, alikuwa ameisoma kinyumenyume. Kila hatua aliomba irudiwe. Alibonyeza pasipostahili makusudi, akageuka, akauliza kwa upole: ni hapa? Na Pyo, ambaye angeweza kumpa namba mbovu na kumwachia duka mashine iliyokufa, hakuweza. Alikosa nguvu za kuikosea kazi ile. Mkono wake uliinuka wenyewe kuelekeza kidole, ukishtuka kila alipokosea.

Bosi alipotoka kupokea simu, Pyo aliinama.

"Uliusoma."

"Nilikuuliza kama utausoma wewe."

"Yule mama alikukosea nini?"

Mi-ran alibonyeza kitufe. "Kompyuta inasema izimwe. Niizime?"

Pyo alijinyoosha. "Izime," alisema.

Bosi alirudi. Kompyuta ilipowaka, milango yote miwili ilikuwa mahali pake. "Jaribu," Bosi alisema. "Andika jina la Pyo. Tumuage kwa heshima."

Ban, mlangoni, alicheka, kisha akajuta. Mi-ran aliandika maneno ya rambirambi, na kwenye nafasi ya jina akaandika Pyo Man-gi. Hakuna aliyemlazimisha kuandika haraka vile. Printa ilinguruma, ikatema satini nyeupe. Bosi aliuinua utepe na kuusoma kwa sauti, akicheka peke yake.

Pyo aliuchukua mkononi mwake. Aliusogeza karibu na dirisha.

"Wino umefifia ukingo wa kushoto," alimwambia Mi-ran. "Badilisha kichwa cha printa kabla ya baridi."

Akauweka mezani, akavaa koti, akatoka. Kizingitini Ban alimpisha, akangoja tusi. Halikuja.

"Mtenda akitendewa husema kaonewa," Bosi Chu alisema, akifunga mlango. "Huyu hata hakusema."

Majira ya kuchipua yaliyofuata Bosi alinunua printa mpya na kompyuta mpya. Haihitaji disketi wala namba ya kuandika kwa mkono. Unachomeka, inachapa. Mtu yeyote angeiweza tangu siku ya kwanza. Ile ya zamani ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, naye Mi-ran alimsaidia kuibeba. Se-hwa alimaliza shule akaenda Jeonju, na hupiga simu siku za sikukuu. Mi-ran huchapa na kufunga. Kichapwacho hukisoma kimoyomoyo, mara mbili.

Pyo Man-gi yuko Iksan. Ni mlinzi wa lango la nyuma kwenye maghorofa ya karibu na stesheni, zamu ya mchana, na Alhamisi huwatenganishia wapangaji taka, chupa mbali, makaratasi mbali.